Mfua shaba wa Mukuru kwa Reuben na jina tulilomnyima

Magazeti yanapoandika kuhusu vijana wa Nairobi wanaotengeneza bangili na vipuli kwa mabaki ya kufuli na mifereji ya maji, huwa hayakosi maneno matatu: taka, ubunifu na jua kali. Taka ndiyo malighafi. Ubunifu ni ule unaodaiwa kuzuka juzi. Jua kali ndilo jina la fundi mwenyewe. Katika makala haya ninadai kwamba maneno yote matatu yanatupotosha. Ukiufuata msamiati wa madini katika Kiswahili hatua kwa hatua, utaona kwamba pambo la madini katika nchi hizi, mara nyingi sana, limetengenezwa kwa kitu kilichokuwa kitu kingine kwanza, na kwamba mwenye kazi hiyo alikuwa na jina lake. Hili si suala la kuremba lugha tu. Jina analopewa fundi na jina inalopewa mali yake ndiyo yanayochangia kuamua kama jirani, mteja na askari watamwona kuwa mtu wa kazi au mshukiwa.

Mukuru kwa Reuben ni wadi katika eneo bunge la Embakasi Kusini, Kaunti ya Nairobi. Pamoja na majirani zake, Mukuru kwa Njenga na Viwandani, mtaa huu umekaa ubavuni mwa Eneo la Viwanda, karibu na Mto Ngong. Mnamo Agosti 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa upya, baada ya wakazi kudai kwa miaka mingi maji, barabara na haki ya kukaa pale walipo. Ukitazama ramani utaelewa mara moja kwa nini ufundi wa vyuma umeshika mizizi hapa. Upande mmoja kuna viwanda vinavyokata, kutoboa na kutupa. Upande wa pili kuna maelfu ya watu ambao hawajaajiriwa na viwanda hivyo, au wameajiriwa kwa kibarua cha siku. Kinachotoka upande ule na kuingia upande huu ni vipande: vya bati, vya alumini, vya nyaya, vya shaba.

Nimekaa na mafundi wa mapambo mtaani humo mara kadhaa, kalamu mkononi, nikisikiliza maneno yao. Hebu kwanza niieleze kazi yenyewe, kwa sababu hoja yangu imo ndani yake.

Kinachotangulia ni sumaku. Kufuli nyingi za siku hizi ni chuma kilichopakwa rangi tu. Fundi hupitisha sumaku, na kinachonata hurudi kwa muuzaji. Kisichonata hukwaruzwa kwa tupa ili rangi ya ndani ionekane. Ikiwa nyekundu, wao huiita kopa. Ikiwa ya manjano, huiita brasi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Mchanganyiko huo ndio wanaoutafuta zaidi, maana hung'aa kama dhahabu na huyeyuka mapema kuliko kopa. Shaba nyekundu huhitaji nyuzi 1,085 za Selisiasi kabla ya kuyeyuka, ilhali ile ya manjano huyeyuka karibu na nyuzi 900 hadi 940, kutegemea zinki iliyomo. Hatari ni kwamba zinki yenyewe huchemka kwenye nyuzi 907. Moto ukizidi, moshi mweupe hupaa, na anayeuvuta kwa wingi hushikwa na homa na kutetemeka usiku kucha kama mwenye malaria. Ndiyo maana jiko huwekwa penye upenyo, na mwanagenzi hufundishwa kuogopa moshi kabla ya kuogopa moto.

Jiko ni pipa lililokatwa na kukandikwa udongo kwa ndani. Makaa hupulizwa kwa feni inayozungushwa na gurudumu la baiskeli. Shaba ikishakuwa uji, humiminwa ndani ya fremu mbili za mbao zilizoshindiliwa mchanga laini uliolainishwa kwa oili kuukuu ya gari, ambamo umbo la kipuli au pete limeshapigwa chapa. Ikipoa, hukatwa kwa msumeno, hulainishwa kwa tupa, hupigwa msasa, kisha husuguliwa kwa kitambaa hadi mtu aweze kujiona. Kipande kinachobaki hakitupwi. Kinarudi chunguni.

Sasa tazama maneno. Kumimina madini katika umbo, Kiswahili cha zamani hukuita kusubu. Wazee wa Pwani walisema kusubu risasi walipotengeneza risasi za bunduki. Chombo cha kuyeyushia au umbo la kumiminia ni kalibu. Kuunganisha vipande viwili kwa madini yaliyoyeyushwa ni kulehemu, na kifaa cha kupuliza moto, kabla ya gurudumu la baiskeli, kilikuwa mvukuto wa ngozi ya mbuzi. Pale pa kupigia chuma ni fuawe. Msasa, kabla ya kuwa karatasi, ulikuwa mti wenye majani yanayokwaruza ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Leo neno hilo tunalisikia Bungeni, mawaziri wateule wanapopigwa msasa. Ajabu ya mambo ni hii: mwanasiasa amelirithi neno la karakana, na fundi wa karakana amebaki na maneno ya kuazima.

Siku moja niliyokuwa pale, mteja aliuliza kipuli kimetengenezwa kwa nini. Mwanagenzi, kijana wa miaka kama kumi na minane, akajibu haraka, "Hii ni ya skrapu tu." Fundi mkuu akaweka tupa chini. "Wewe kijana, skrapu ni ile unauza kwa kilo. Hii tunauza moja moja. Usiniharibie kazi." Kisha akanigeukia: "Mwalimu, si wewe ndiye mtu wa lugha? Tupatie jina basi."

Nadhani fundi yule alisema kwa sentensi tatu jambo ambalo wachumi huliandikia vitabu. Skrapu si aina ya madini. Ni hali ya madini yanapokuwa hayana mwenyewe wala kazi. Yakishaingia mkononi mwa anayejua la kuyafanya, hayastahili tena kuitwa hivyo, kama vile unga ulioiva haustahili kuitwa unga. Na ombi lake la jina si la mzaha. Ili nimjibu, inanibidi nirudi nyuma.

Nianze na neno shaba lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, shabah, lililokuwa na maana ya shaba ya manjano. Wanaleksikografia wa Kiarabu waliliunganisha na mzizi wenye maana ya kufanana, kwa kuwa madini hayo hufanana na dhahabu. Mzizi uo huo umetupatia Kiswahili kushabihi na mshabaha, na hata tashbihi, ile tamathali ya usemi ambayo kila mtahiniwa wa kidato cha nne anaijua. Kwa hiyo mtu akimcheka fundi wa Mukuru kwa kumwambia kwamba si kila king'aacho ni dhahabu, shaba yenyewe imeshakiri zamani. Jina lake linasema, "Mimi nafanana nayo tu." Haijadanganya mtu. Kiswahili kilipolipokea neno hilo, kililipanua likashika shaba nyekundu pia, na kwa maana hiyo likasafiri mbali. Mnamo 1971 Rais Mobutu aliubadilisha mkoa wa Katanga, wenye machimbo makubwa ya shaba nyekundu, ukaitwa Shaba, na jina hilo likadumu hadi 1997.

Shaba ilifikaje bara, huku kwetu? Wengi wetu hudhani misafara ya karne ya 19 ilipeleka bara shanga na nguo tu. La. Ilipeleka pia waya, mizigo kwa mizigo, juu ya mabega ya wapagazi. Kiswahili kilikuwa na maneno mahususi ya bidhaa hiyo. Masango ulikuwa waya mnene. Udodi ulikuwa waya mwembamba wa kuzungushia vikuku. Seng'enge, neno ambalo leo tunalitumia kwa ua wenye miiba, lilikuwa waya wa biashara. Joseph Thomson alipovuka nchi ya Wamaasai mnamo 1883 na 1884, waya ulikuwa miongoni mwa mali aliyolipia njia. Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Waya ule haukutumiwa kama waya. Ulipofika, ulikuwa kama fedha mkononi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzungushwa kwenye mikono, miguu na shingo. Wanawake wa Kimaasai walivaa kilo kadhaa za mizunguko ya waya, na surutia, yale mapambo yaliyosokotwa kama konokono, yalitokana nao.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa wahunzi. Miongoni mwa Wakikuyu mhunzi aliitwa mũturi, kutokana na kitenzi gũtura, kufua chuma. Msomaji wa safu hii atapenda kujua kwamba tura ya Kikuyu na fua ya Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Sauti t ya Kikuyu hujibu f ya Kiswahili, kama vile Wakikuyu wanavyosema tuma wakimaanisha kushona na sisi tukasema fuma. Sauti ya katikati iliyopotea katika fua haijafa kabisa. Hujitokeza tunaposema fulia na fuliwa. Kumbe Mswahili wa Lamu na Mkikuyu wa Murang'a walikuwa na neno moja la kazi hii kabla ya Mwarabu, Mhindi wala Mzungu kutia mguu hapa.

Wakikuyu walichenjua chuma kutoka mchanga wenye madini, wakavuta waya na kuunga minyororo. William na Katherine Routledge waliyaandika hayo katika kitabu chao cha 1910. Wakamba nao walisifika kwa mikufu myembamba ya shaba na chuma, na kwa vigoda vilivyopambwa kwa waya wa shaba uliozamishwa ndani ya mti. Msomi wa Uswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani kati ya 1910 na 1912, aliutolea ufundi huo maelezo marefu. Lakini heshima na shaka vilikwenda pamoja. Laana ya mhunzi wa Kikuyu iliogopwa. Wamaasai waliwaita wahunzi wao Ilkunono, wakavaa kazi ya mikono yao, na hawakukubali kuoana nao. Naam, tabia ya kulipenda pambo na kumdharau aliyelitengeneza haikuanzia Mukuru.

Pwani mambo yalikuwa hivyo hivyo, ila malighafi ilikuwa sarafu. Riale yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo iliendelea kupigwa chapa ya mwaka 1780 muda mrefu baada ya kufa kwake, ilizunguka kuanzia Uhabeshi na Oman hadi Unguja na Mombasa. Fedha yake iliaminika, kwa hiyo familia ikitaka kumwoza binti, riale zilipelekwa kwa fundi, zikayeyushwa, zikarudi nyumbani zikiwa vikuku na mitali. Siku ya shida, vikuku hivyo vingeweza kuyeyushwa tena. Hakuna aliyeziita riale zile skrapu. Hata leo Lamu kuna mafundi wanaovunja vigae vya sahani kongwe na kuvitia ndani ya pete za fedha, na mtalii huzinunua akiita kazi ya mila.

Fundi yule wa Pwani ndiye tuliyempa jina sonara, neno lililotoka lugha za Bara Hindi, ambako sona ni dhahabu. Bangili nalo ni neno la kutoka huko. Lakini Kiswahili hakikungoja jina la kigeni. Kilikuwa na kanuni yake rahisi: mfua, kisha jina la madini. Mfua chuma, mfua fedha, mfua dhahabu, mfua bati. Kwa jina hilo humdharau mtu wala humtukuzi. Unasema tu anafua nini. Tafadhali liweke neno hili akilini, maana tutalihitaji.

Kisa cha tatu ni cha reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mnamo 1896, ikafika Nairobi mnamo 1899 na ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mnamo Desemba 1901. Pamoja nayo ulikwenda waya wa telegrafu. Ulipopita katika nchi ya Wanandi, waya ulianza kutoweka, na vyuma vya reli pia. Vyuma vilifuliwa silaha, waya ukawa mapambo. Kamishna wa wakati huo, Charles Eliot, aliandika katika kitabu chake cha 1905 kwamba mtu asishangae, kwa kuwa waya kwa Wanandi ulikuwa na thamani kama ya vito kwa Wazungu. Hata hivyo kuelewa hakukuzuia bunduki. Vita vya Wanandi, ambavyo chanzo chake kilikuwa ardhi na uhuru wao na wala si nyaya, vilikwisha baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905.

Lugha imetuwekea kumbukumbu hapa pia. Waya ule Waswahili waliuita simu, kabla neno hilo halijahamia kifaa tunachobeba mfukoni. Asili yake ni Kiajemi, sim, lenye maana mbili: waya, na fedha ya kupambia. Hivyo Mnandi aliyeuzungusha waya wa simu mkononi kuwa kikuku aliirudisha maana ya pili bila kusoma kamusi. Jambo la kuzingatia ni kwamba waya huohuo, miaka kumi na mitano tu kabla ya hapo, ulikuwa mali halali iliyoletwa na msafara na kupokewa kwa shangwe. Sasa kuugusa kulikuwa hatia. Madini hayakubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni nani mwenyewe, na mwenye nguvu ya kulitaja jina lake.

Baada ya hapo vyuma vya Ulaya vilijaa sokoni, majiko ya kuchenjulia yakazimika, na mhunzi akageukia mabaki: springi za lori, mapipa, mikebe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika kitabu chake cha 1977, Kenneth King alieleza jinsi mafundi wa Nairobi walivyotengeneza koroboi kwa mikebe na mashine kwa vyuma vikuukuu, na jinsi ujuzi ulivyotoka kwa mafundi wa Kihindi ukaingia kwa vijana wao wa kazi. Miaka mitano kabla yake, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyolieneza duniani jina la sekta isiyo rasmi. Jina la mtaani likawa jua kali, kwa sababu kazi ilifanyiwa nje, jua likiwachoma. Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mnamo 1985 na kuamuru wajengewe vibanda, jina hilo likaingia serikalini, na baada ya miaka michache kukawa na wizara iliyowashughulikia.

Sina ugomvi na jina jua kali kama bendera ya watu wengi. Liliwapa umoja na sauti. Lakini kama jina la kazi, halisemi kitu. Linataja mahali mtu anapokaa na shida anayoipata. Halitaji anachokijua. Mtengeneza sanduku, fundi wa magari, mfua vipuli, wote ni jua kali, kana kwamba daktari, nesi na mkemia wote wangeitwa kivulini. Neno kiwanda nalo limeporwa kimyakimya. Katika kamusi za zamani, hata ile ya Johnson ya 1939, kiwanda ni uwanja au banda la fundi, mahali anapofanyia kazi. Leo tumelikabidhi kwa mabohari ya Eneo la Viwanda peke yake, na kile kilicho ng'ambo, ambacho ndicho kiwanda hasa kwa maana ya kwanza, tunakiita kibanda.

Turudi Mukuru, na kwa nini haya yana uzito. Mwaka 2015 Kenya ilipitisha Sheria ya Vyuma Chakavu, inayomtaka mtu yeyote anayefanya biashara hiyo kuwa na leseni. Tarehe 11 Januari 2022 taa zilizimika nchi nzima baada ya minara ya laini ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka. Uharibifu wa minara kwa ajili ya vyuma ulitajwa kuwa chanzo, na kabla ya mwezi kwisha Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka uo huo, kwa masharti mapya. Sitetei wizi. Anayeng'oa chuma cha mnara anaweza kumuua mgonjwa aliye kwenye mashine hospitalini, na sheria ina haki ya kumfuata. Lakini marufuku ya namna ile haina jicho la kumtenganisha anayeuza tani na anayenunua kilo tano za kufuli mbovu. Wote wanaingia katika neno moja, skrapu, na neno lenyewe limeshanuka wizi. Mtu asiyekuwa na jina la kazi hana pa kusimama na kusema, "Mimi siye mnayemtafuta."

Najua kuna atakayeniambia, mwalimu, jina halijazi sufuria. Kweli. Jina halileti maji Mukuru wala halipunguzi bei ya makaa. Ila historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba jina huandamana na bei na haki. Waya ulipoitwa mali, ulilipia njia ya msafara. Ulipoitwa simu ya serikali, ulileta bunduki. Riale iliyoyeyushwa iliitwa mahari. Kufuli iliyoyeyushwa inaitwa skrapu, halafu kipuli chake kinapofika duka la Ulaya kinapewa jina la Kiingereza la kuvutia na bei mara nyingi zaidi ya ile aliyolipwa aliyekisubu. Tukiwa sisi hatuna neno, wenye neno ndio watakaopanga bei.

Basi aitwe nani? Wapo wanaopendekeza sonara. Sikatai moja kwa moja, maana kuna masonara wa dhahabu ambao hawamshindi kwa ustadi. Lakini sonara amebeba dhahabu ndani ya jina lake, na fundi wa Mukuru hahitaji kuazima dhahabu ya mtu. Wengine husema mtengeneza vito. Hilo nalo halifai, kwa sababu kito ni jiwe la thamani, na kipuli cha shaba tupu hakina jiwe. Tuseme mapambo. Pendekezo langu ni kwamba tuirudie kanuni yetu wenyewe: mfua shaba. Kama kazi yake ni ya alumini, basi mfua alumini. Ikiwa kuna atakayelalamika kwamba siku hizi anamimina zaidi ya anavyogonga, nitamjibu kwamba mfua dhahabu naye aliyeyusha kabla ya kugonga, na hakuna aliyemnyang'anya jina.

Na malighafi yake? Shaba. Si taka ya shaba, si skrapu ya shaba. Shaba iliyotumika, ukitaka kusema kweli yote, kama tunavyosema nguo za mitumba bila kuzikana kuwa ni nguo. Kwa mwanagenzi anayeanza leo, ningependa ajifunze kusubu, kulehemu na kalibu pamoja na brasi na kopa, ili ajue kwamba maneno hayo yalikuwepo kabla yake na yanamhusu. Walimu wa vyuo vya ufundi wanaosoma safu hii wana uwezo wa kuyarudisha darasani muhula ujao. Hayahitaji bajeti. Yanahitaji ubao na chaki, na mtu wa kuyatamka bila kuona haya.